Kahawa ya Milioni 3.9 Ilipita Kitale

Wasee, leo tuongee ukweli kuhusu kahawa.

Mwaka wa 2025, kwenye mnada wa Panama, kilo moja ya kahawa iliuzwa dola 30,204. Piga hesabu: karibu shilingi milioni 3.9. Kilo moja! Kikombe kimoja kinataka kama gramu 15, kwa hivyo hapo mtu anakunywa zaidi ya elfu 58 kabla hajaamka vizuri. Hiyo ni kodi yangu ya nyumba ya miezi sita.

Kahawa yenyewe inaitwa Geisha, na shamba ni Hacienda La Esmeralda, la familia ya Peterson. Kila mtu alishangaa bei. Mimi kilichonikera ni kingine: hiyo mbegu si ya Panama.

Geisha imetoka kwenye misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Miaka ya 1930 Waingereza walichukua mbegu wakazileta Kitale. Ndiyo, Kitale hii yetu. Kisha zikafika Lyamungu, Tanzania. 1953 zikavuka bahari hadi Costa Rica, na baadaye Panama, ambako walitafuta mti wa kustahimili kutu ya majani. Matawi yalivunjika ovyo, mazao yalikuwa kidogo, na wengi hawakuutaka.

Kabla hujaandika hapo chini "Wakenya tulilala", nani alilala? Wakati huo serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kupanda kahawa. Walichuma kwa mashamba ya wazungu, lakini kuwa na mti wao, hapana. Hao siwalaumu.

Lakini 2004 hakukuwa na mkoloni. Akina Peterson walikuwa wameonja wakagundua kona moja ya shamba lao ina ladha tofauti kabisa. Hawakuichanganya na zingine. Waliitenga, wakaipeleka kwa mashindano mwaka huo, ikauzwa dola 21 kwa ratili, rekodi ya wakati huo. Siri ni hiyo tu. Hawakuunda mbegu. Walionja, wakatenga, wakaandika jina.

Sasa twende Kirinyaga kwa shosho wangu. Ana miti ya SL28, aina iliyochaguliwa hapa hapa Kenya miaka ya 1930, na waonjaji wa dunia wanaiheshimu sana. Anaamka saa kumi na moja, anachuma zile nyekundu tu, anabeba hadi faktari. Huko inamwagwa pamoja na ya kila mtu, iliyochumwa vizuri na iliyochumwa ovyo. Analipwa kwa kilo, miezi baadaye, baada ya makato ambayo hakuna mtu humweleza. Hajawahi kuambiwa kahawa yake ina ladha gani. Hajawahi hata kuionja! Kwake tunakunywa chai.

Krismasi aliniambia, "Mjukuu wangu, hii miti imenizeesha na haijanijengea hata choo." Anataka kuing'oa apande avokado. Na si yeye pekee amechoka: msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Siku hizi tunazunguka hapo kwa 50,000.

Mtaniambia milioni 3.9 ni bei ya sifa, na ilikuwa kilo 20 tu. Kweli. Wala siombi shosho awe milionea. Naomba vitu vitatu: sosaiti itenge kahawa iliyochumwa vizuri, mkulima aambiwe ilipata alama ngapi ikionjwa, na jina la kijiji lifike kwenye pakiti. Bila jina, mnunuzi akiipenda atairudia wapi?

Na sisi vijana tuache kusema kahawa ni ya wazee. Tunauza viatu vya mtumba mtandaoni, tunauza vichekesho, tunauza mpaka sura zetu. Jina la kijiji ndilo litushinde?

Nilimwomba shosho aipe miti misimu miwili. Amekubali mmoja. Mkutano wa sosaiti ukiitishwa nitamsindikiza, na swali tunalo moja: kahawa yetu ilipata alama ngapi?

Kama kwenu mnalima, ulizeni pia. Halafu mrudi hapa mniambie mlijibiwa nini.