Kejeli si uzushi

Zamani mgombea alijulikana kwa wapiga kura kwa njia mbili: ama walimwona jukwaani, ama walisimuliwa habari zake na wale waliomwona. Siku hizi ipo njia ya tatu, nayo ni simu ya mkononi. Kwa simu hiyo kijana wa sekondari anaweza kumvisha mgombea mavazi ya kifalme, kumchezesha ngoma asiyoijua, au kumsemesha maneno ambayo hakuyatamka, na kabla jua halijatua picha hiyo ikawa imefika Kigoma na Mtwara.

Baadhi ya viongozi wamelipokea jambo hili kwa hasira, na baadhi wamelipuuza. Sisi tunaona kwamba hasira haitasaidia, wala kupuuza hakutasaidia. Linalotakiwa ni kulielewa, na kulielewa huanza kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku, yaani kejeli na uzushi.

Mfano ulio wazi ni uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 2012. Mgombea wa chama cha Republican alikuwa Bwana Mitt Romney, tajiri aliyewahi kuongoza kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital na baadaye kuwa Gavana wa Massachusetts. Mwezi Mei mwaka huo watu wake wa kampeni walitoa programu ya simu iliyowawezesha wafuasi kubandika kaulimbiu za mgombea juu ya picha zao wenyewe. Katika kaulimbiu moja jina la nchi lilikosewa: badala ya America iliandikwa Amercia. Mara moja watu wakaitumia programu hiyo hiyo kumcheka mwenyewe, wakawa wanalibandika kosa lile juu ya kila picha ya mzaha waliyoipata.

Hata hivyo kicheko kile hakikumdhuru sana, kwa sababu kila mwenye akili anajua kwamba kukosea herufi si kuwakosea watu. Oktoba 3 likatokea jingine. Katika mdahalo wa kwanza, mjini Denver, Bwana Romney alisema ataikatia ruzuku televisheni ya umma ingawa anampenda Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano wa kipindi cha watoto. Mdahalo ukiwa bado unaendelea, tayari zilikuwa zimefunguliwa kurasa za mtandao zinazosema kwa jina la ndege huyo. Kampeni ya Rais Barack Obama ikafurahi, ikatengeneza hata tangazo la televisheni lenye Big Bird. Lakini uchunguzi wa maoni ya wapiga kura ulionyesha kwamba aliyepanda baada ya mdahalo ule ni Bwana Romney. Wananchi walicheka, kisha wakampa sifa yake kwa kuwa alikuwa ameieleza hoja yake vizuri kuliko mpinzani wake.

Kilichomuumiza kilikuwa kitu kingine kabisa. Mwezi Mei, katika karamu ya kuchangisha fedha huko Boca Raton, Florida, ambako kiti kimoja kiligharimu dola 50,000, aliwaambia matajiri wenzake kwamba asilimia 47 ya watu wanaitegemea Serikali, hawatampigia kura kwa vyovyote, na si kazi yake kuwahangaikia. Maneno hayo yalirekodiwa kwa siri, na Septemba 17 jarida la Mother Jones likayatangaza. Tangu siku hiyo kila mzaha ulipata mahali pa kushika. Oktoba 16, alipoulizwa juu ya usawa wa malipo kati ya wanawake na wanaume, akajibu kwamba alipokuwa Gavana aliletewa majalada yaliyojaa wanawake, akimaanisha majina ya wanawake wanaofaa kupewa kazi. Ulimi uliteleza tu; lakini usiku huo huo majalada yale yakawa kichekesho cha nchi nzima. Novemba 6 alishindwa kwa kura 206 dhidi ya 332 za wajumbe wa uchaguzi, na katika kura za wananchi alipata asilimia 47.

Hatusemi kwamba mzaha ndio uliomwangusha. Tunalosema ni kwamba mzaha juu ya herufi na juu ya ndege ulipita kama upepo, ila mzaha uliogusa dharau yake kwa watu wa hali ya chini ulibaki. Kejeli haitoboi ukuta ulio imara. Huingia penye ufa, na ufa huo huwa umeachwa na mwenye nyumba.

Tena ieleweke kwamba picha ya simu haidhalilishi tu, hupamba pia. Katika uchaguzi wa Indonesia wa Februari 2024, Bwana Prabowo Subianto, jenerali aliyeachishwa jeshi mwaka 1998 kwa sababu ya kutekwa kwa wanaharakati, aliletwa kwa vijana kama kikatuni cha mzee mnene, mpole, anayecheza. Alishinda. Mengi yalimsaidia, lakini kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1998 alikutana na katuni kabla ya kukutana na historia. Kwa hiyo mwananchi anayejihadhari na picha ya kumtukana mgombea, hana budi kujihadhari vile vile na picha ya kumbembeleza.

Sasa tuje kwenye uzushi. Mwaka 2008 mchekeshaji Tina Fey alimwigiza Bibi Sarah Palin, mgombea wa Umakamu wa Rais wa Marekani, akasema kwamba anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Bibi Palin hakusema hivyo; alikuwa amesema tu kwamba Urusi inaonekana kutoka katika kisiwa kimoja cha Alaska. Hata hivyo wako watu wengi ambao mpaka leo wanaamini kwamba maneno ya mchekeshaji ni ya mgombea. Na hapo aliyeyasema alijulikana, jukwaa lake lilijulikana, na nia yake ya kuchekesha ilikuwa wazi. Je, itakuwaje pale msemaji anapojificha?

Jibu limekwisha kuonekana. Mwezi Septemba 2023, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia, wakati kampeni zimekwisha kufungwa kisheria, ilisambazwa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama kimoja, Bwana Michal Šimečka, ikimwonyesha akipanga kuiba kura. Januari 2024, siku mbili kabla ya kura za mchujo za jimbo la New Hampshire, wapiga kura walipigiwa simu na sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwashauri wasiende kupiga kura. Sauti ile ilitengenezwa kwa akili mnemba, na baadaye mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilimtoza aliyehusika faini ya dola milioni 6. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga hao hawakuwahi kuona mashine inayosema kwa sauti ya mtu aliye hai.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Mwenye kejeli anataka ucheke ukijua kwamba ni mzaha. Mzushi anataka uamini bila kujua kwamba ni uongo. Wa kwanza anazungumza na mpiga kura, wa pili anamwibia mpiga kura haki yake ya kuamua.

Kwetu Tanzania mzaha si mgeni. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani wanaotaniana hata msibani, wala hakuna anayekimbilia polisi. Wasomaji wa siku nyingi wa gazeti la Uhuru wanamkumbuka Chakubanga, ambaye katuni zake zilichekesha na kuuma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi, ubadhirifu, dharau na ukandamizaji. Kiongozi anayetimiza hayo, anayeishi na wananchi na kutoa hesabu ya kazi aliyotumwa, atachorwa na masikio marefu na bado atachaguliwa. Yule anayeonekana jimboni mara moja kila miaka mitano, asiilaumu katuni inayomchora akiwa amelala. Na ajiulize kwanza kwa nini watu wote waliitambua sura yake bila ya kuandikiwa jina.

Kwa hiyo viongozi wetu wasiichukue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kuwa fimbo ya kumchapia kila aliyecheka. Sheria hiyo inakataza kueneza taarifa za uongo, na kazi hiyo ni kubwa ya kutosha. Kiongozi akiitumia dhidi ya mchoraji, siku atakapozushiwa kweli na kulalamika, wananchi watadhani kwamba analalamikia kicheko kingine.

Kwa upande wa wanachama wetu, hasa vijana, tunapenda kusema jambo moja bila ya kuficha. Uzushi hautoki kwa wapinzani peke yao. Kila zinapokaribia kura za maoni ndani ya Chama, husambazwa sauti na picha za kuwachafua wanachama wenzetu, na wanaozisambaza ni sisi kwa sisi. Miongoni mwa ahadi za mwanachama ni kusema kweli daima na kuifanya fitina kuwa mwiko. Ahadi hiyo haikubagua fitina ya mdomo na fitina ya simu. Anayemghushia mwenzake sauti ili ashinde uteuzi hana haki ya kulalamika Chama kikifanyiwa hivyo hivyo siku ya uchaguzi.

Mwananchi naye, kabla hajaipeleka mbele picha au sauti, na aulize: nani kaitoa, lini, na mwenyewe anasemaje? Akijua kwamba ni mzaha, acheke. Akiona kwamba ni uongo, aukomeshe hapo hapo mkononi mwake.