Fomu ya S13 na barua ya uhamisho

Na Salome Jepkorir

Karani wa stoo serikalini anaishi kwa kalamu. Lori likishusha mzigo anahesabu, anajaza fomu ya S13, anatia sahihi, na kwa sahihi hiyo mfanyabiashara analipwa.

Wiki jana nilikunywa chai na karani mmoja hapa Eldoret, katika kibanda kisicho mbali na stendi. Jina lake na ofisi yake nimeyaacha huko huko kibandani. Ni mtumishi wa serikali kuu, mkewe anauza mboga sokoni, na watoto wao wawili wanasoma Kapsoya. Alikuwa amewekewa mezani S13 ya matairi arobaini. Yaliyoshushwa yalikuwa ishirini na manne. Aliyahesabu mara mbili, akiyagonga kwa kidole. Mkubwa wake akamwambia, "Weka sahihi, mengine yako njiani." Hakuweka. Fomu akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nikienda EACC, nani atanilinda?" akaniuliza. Ofisi ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, iko papa hapa mjini, kwa hiyo nauli si kisingizio.

Nilimjibu kwa yale ninayoyajua. Sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003, kifungu cha 65, inakataza kumchukulia hatua za kinidhamu mtu aliyeipa tume habari. Akacheka. Serikalini uhamisho hauitwi adhabu. Barua itasema "mahitaji ya utumishi", itapigwa muhuri, na Jumatatu ataripoti Lodwar. (Sina neno na Lodwar. Ila wenyeji wake wana haki ya kukasirika kila mji wao unapogeuzwa jela ya watumishi wakaidi.)

Ajabu ni kwamba wabunge walishaiona hila hiyo. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inataja waziwazi kumhamishia mfichuzi mahali pabaya, na anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi mwaka mmoja. Lakini hiyo ni kwa malalamiko ya hongo. Karani wangu hajaona mtu akipokea hongo. Ameona matairi kumi na sita ambayo hayapo.

Tena kifungu cha 65 kinamtaka aipelekee tume habari zake. David Munyakei hakupita njia hiyo. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu alipoona mamilioni yakimiminika kwa kampuni ya Goldenberg, eti kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyochimba almasi. Nyaraka zikafika kwa wanasiasa wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa, kazi haikurudi. Baadaye tulimpa tuzo na makofi, naye akafa maskini mwaka 2006. Wakati ule angempelekea nani nyaraka zile, wakubwa wake?

Uganda ina sheria ya wafichuzi tangu 2010, na inamwahidi mfichuzi asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa. Tanzania ilipitisha yake 2015. Sisi mswada wetu umepita mikono mingi kwa zaidi ya miaka kumi. Mimi hata hiyo asilimia siidai. Nataka kifungu kimoja tu: mtumishi aliyetoa ripoti akihamishwa, akinyimwa cheo au akiandikiwa barua ya kujieleza ndani ya miaka miwili, mkubwa wake ndiye athibitishe kwamba hakulipiza kisasi. Leo mzigo huo wa kuthibitisha anaubeba karani, ilhali faili zote zimefungiwa kabatini kwa mkubwa.

Nilimweleza hayo yote, chai ikapoa. Akaitoa ile fomu, akainyoosha kwa kiganja, akaikunja tena. Kisha akaniuliza kama ninajua shule nzuri kule Lodwar.