Mpangaji Wako Atapikia Wapi?

Baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa IFM, CBE na DIT wamepanga vyumba katika nyumba zetu za Kariakoo na Ilala. Fedha za Bodi ya Mikopo, ambazo wenyewe huziita “bumu”, zikichelewa, hushindia chai na maandazi. Zikifika, chipsi: wanga na mafuta, visivyojenga damu. Nako sokoni, hatua chache tu, kibaba cha maharage, fungu la dagaa na mchicha huwashibisha wawili. Husemwa ni uvivu. La hasha! Mwenye nyumba amekataza jiko, huku amekwisha pokea kodi ya miezi sita, naye mara nyingi ni muumini mwenzetu. Twaziomba jumuiya ndogondogo ziwakabili wenye nyumba hao kabla ya muhula kuanza.