Mashine Haiandiki Mkataba

Mazungumzo kuhusu akili mnemba na ajira yamejaa kauli zinazorudiwa kila mahali: bungeni, kwenye semina za ujasiriamali, redioni asubuhi, na kwa vijana waliomaliza chuo wakiwa hawajui waelekee wapi. Baadhi zina ukweli ndani yake. Tatizo langu nazo ni kwamba karibu zote zinaizungumzia teknolojia kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe, na mtu anachoweza kufanya ni kutafuta pa kujibanza tu. Kwa hiyo waliofanya uamuzi hawaulizwi. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

"Nusu ya kazi zote zitachukuliwa na kompyuta."

Kauli hii ina chimbuko. Mwaka 2013, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walikadiria kuwa asilimia 47 ya ajira nchini Marekani ziko kwenye hatari kubwa ya kufanywa na kompyuta. Walipima kinachowezekana kiufundi. Hawakusema zitapotea zote wala hawakutaja mwaka. Mwaka 2016 watafiti wa OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, walichambua majukumu yaliyo ndani ya kila kazi badala ya kuihesabu kazi nzima kama kitu kimoja, na makadirio yakashuka hadi asilimia 9.

Mwaka huohuo wa 2016, Geoffrey Hinton, mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hii, alisema ni vizuri kuacha kuwafundisha madaktari wa radiolojia kwa sababu ndani ya miaka mitano kompyuta itawashinda kusoma picha. Miaka mitano ilipita na hospitali bado zinawatafuta. Kusoma picha ni sehemu moja tu ya kazi yao. Kuna kujadiliana na daktari wa upasuaji, kuamua kipimo kipi kifuate, na kubeba lawama uamuzi ukienda kombo.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu yake mwaka 2023: katika nchi tajiri ajira zinazoweza kuchukuliwa na akili mnemba ni asilimia 5.5, na katika nchi maskini ni asilimia 0.4. Idadi hiyo ndogo isitulaze usingizi. Zilizo hatarini zaidi ni kazi za ukarani: kuingiza taarifa, kupokea simu, kuandaa barua na majalada. Kwetu hizo ndizo zilizowapa wanawake wengi mshahara wa kila mwezi na akiba ya uzeeni, na ripoti hiyohiyo inasema wanawake wako hatarini kuliko wanaume. Kazi hizo ni chache, ndiyo. Lakini nyuma yake kuna ada za shule za watoto wengi sana.

"Kila teknolojia inaua kazi chache na kuleta nyingi. Mfano ni M-Pesa."

Mfano huu ni wa kweli. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na leo ni nadra kukuta mtaa usio na kibanda cha wakala. Lakini anayetoa mfano huu huwa anajumlisha nchi nzima, wakati kazi hupotezwa na mtu mmoja, mahali pamoja, akiwa na umri fulani.

Twende Kericho, Kenya. Mchumaji wa chai hutembea kati ya mistari akiwa na kikapu mgongoni, vidole vikikata majani mawili na chipukizi lake, na hulipwa kwa kilo. Mashine ya kuchuma ina kisu kirefu na mfuko nyuma yake. Watu wawili huishika, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa mstari, wakitembea nayo juu ya michai, na kwa siku hukata chai ambayo ingehitaji wachumaji wengi. Kikosi kazi cha serikali ya kaunti kilikadiria kuwa ajira 30,000 zilipotea Kericho kwa sababu ya mashine katika muda wa takriban miaka kumi. Mei 2023 wananchi waliingia mashambani na kuzichoma moto mashine kadhaa, na katika vurugu hizo kuna aliyepoteza maisha.

Sasa mweleze mama wa miaka 45 aliyeachishwa hapo kwamba teknolojia imeleta ajira nyingi za uwakala. Uwakala unataka floti, yaani mtaji wa kuweka kwenye simu na wa kushika mkononi. Yeye alikuwa analipwa kwa kilo. Floti ataitoa wapi? Kazi zilizozaliwa zimezaliwa mji mwingine, kwa watu wengine.

Hapa ndipo sheria inapaswa kusimama. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, na amlipe kila anayeachishwa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Hiyo ni hatua nzuri, lakini kibarua wa msimu haachishwi kazi. Msimu unaisha na haitwi tena. Hana notisi wala malipo, wala hahesabiwi popote.

Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja waziwazi mahitaji ya kiteknolojia kuwa moja ya sababu za kupunguza wafanyakazi, na inamlazimu mwajiri atoe taarifa na kushauriana nao kwanza. Kisha inaweka kiinua mgongo cha kisheria: angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Piga hesabu. Aliyetumikia kiwanda kimoja miaka 25 anaweza kuondoka na mshahara wa siku 70, labda mwajiri wake awe na moyo wa kuongeza. Kiwango hicho kimewekwa na binadamu, na binadamu wanaweza kukibadilisha.

"Akili mnemba inajifunza yenyewe, haihitaji wafanyakazi."

Kati ya zote, hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wafanyakazi hao ni majirani zetu.

Programu inayojibu maswali kwa adabu ilibidi kwanza ioneshwe kisicho na adabu. Kuna mtu aliyesoma maandishi ya kutisha, moja baada ya jingine, na kuweka alama: hili ni la mauaji, hili ni la kumdhalilisha mtoto, hili ni la mtu kujidhuru. Kwa ChatGPT, sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Nairobi, katika kampuni ya Sama. Jarida la TIME lilifichua Januari 2023 kuwa mikataba ilitaja malipo ya dola 12.50 kwa saa kwa kampuni, huku wafanyakazi wakienda nyumbani na kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa.

Kampuni hiyohiyo iliajiri pia wasimamizi wa maudhui ya Facebook, vijana waliotoka nchi mbalimbali za Afrika ili wachuje picha na video katika lugha zao. Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyefukuzwa kazi mwaka 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, aliwafungulia kesi Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook, jijini Nairobi Mei 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi yao. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake kwa kuwa haifanyi biashara nchini humo. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo. Desemba mwaka huo, nyaraka zilizowasilishwa mahakamani zilionesha kuwa zaidi ya 140 kati yao walipimwa na kukutwa na maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Video inaanza kucheza, nawe unapaswa uitazame vya kutosha ili ujue ni kosa la aina gani, uchague kundi lake, kisha inafuata nyingine. Saa inahesabu umetumia muda gani kwa kila moja. Ukirudi nyumbani huwezi kumweleza mkeo ulichokiona, kwa sababu umesaini kiapo cha siri. Anayesema mfumo huo unajiendesha wenyewe anawafuta watu hawa kwenye hesabu, na asiyehesabiwa hawezi kudai mshahara wa haki wala matibabu.

"Dereva wa teksi mtandao ni bosi wake mwenyewe."

Bosi hupanga bei. Simu ikilia, dereva wa Dar es Salaam ana sekunde chache za kukubali au kuacha, na nauli tayari imeshapangwa na programu. Hakuulizwa. Kama gari si lake, jioni tajiri anasubiri hesabu yake. Kama pikipiki ni ya mkataba, kuna rejesho. Mafuta ni yake, pancha ni yake. Abiria akimpa nyota moja kwa sababu ya foleni ya Mwenge, nyota hiyo ni yake pia. Na siku akaunti ikifungiwa, anaandikia namba ambayo hajui nani anaisoma.

Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu Tanzania, iliweka kikomo cha makato ya kampuni hizi kuwa asilimia 15. Kwa nauli ya shilingi 8,000, makato ya asilimia 25 ni 2,000, na ya asilimia 15 ni 1,200. Tofauti hiyo ya shilingi 800 kwa safari moja huhama mfuko kwa uamuzi wa mamlaka, bila programu yenyewe kubadilika hata kidogo.

"Dawa ni vijana wasome kuandika programu."

Wasome, sana tu. Lakini wengi waliokuwa wakichuja video jijini Nairobi walikuwa wasomi wenye lugha mbili tatu na kompyuta wanaijua. Elimu iliwafikisha mlangoni. Mkataba ndio uliowapokea ndani. Tena uandishi wa programu ni moja ya kazi ambazo akili mnemba imeziingilia mapema kabisa.

"Tukibana sheria, wawekezaji watakimbia."

Wenye hoja hii wana ushahidi, na sitaupuuza. Baada ya kikomo kile cha asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania Aprili 2022, na ikarejea mwanzoni mwa 2023 kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25. Tulibana, tukalegeza.

Lakini kampuni hiyohiyo ilishindwa katika Mahakama ya Juu ya Uingereza Februari 2021. Mahakama ilisema madereva ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Uber haikuondoka London, kwa sababu soko la London halisuswi. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 mwongozo kuhusu kazi za majukwaa ya mtandaoni kwa nchi zote 27. Kampuni haiwezi kuitishia Ureno kwa kuhamia Uhispania.

Sisi tunajadiliana mmojammoja. Dar ikikaza, Nairobi na Kampala ziko wazi. Hata hivyo tumewahi kufanya vingine: mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha pamoja gharama za kupiga simu kuvuka mipaka yao. Bei zikashuka, na kampuni za simu zikaendelea na biashara. Bunge la Afrika Mashariki linakaa Arusha na lina uwezo wa kutunga sheria za jumuiya. Lianze na mambo matatu: kikomo kimoja cha makato kwa nchi zote wanachama, haki ya dereva kusikilizwa na binadamu kabla akaunti yake haijafungwa, na matibabu ya afya ya akili kwa kila anayechuja maudhui, yalipwe na mwenye jukwaa, wala yasiachiwe mwajiri wa kati.