Mchagua Jembe Naye Ni Mkulima

Wazee wetu wametuachia methali za kumlaumu mtu anayechagua. Mchagua jembe si mkulima, wasema. Mchagua nazi hupata koroma. Methali hizi zamfaa mvivu ambaye asubuhi yote yumo ghalani akipima mipini huku mvua yapita. Lakini siku hizi twazisikia vinywani mwa watu ambao si wavivu hata kidogo, na shabaha yao si jembe. Wasema kwamba wananchi wamepewa mengi mno ya kuchagua, vyama vingi, wagombea wengi, na ndiyo maana wamechanganyikiwa; afadhali wapunguziwe. Baadhi ya wasemao hivyo ni wenzetu, wanachama wa miaka mingi, wenye kadi zilizochakaa mfukoni. Kwa hiyo twaona yafaa jambo hili lijadiliwe hadharani.

Wenye maoni hayo wana na ushahidi wa wataalamu. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walitoa habari za jaribio lililofanywa katika duka moja la vyakula huko California, Marekani. Iliwekwa meza ya jamu za kuonja. Saa nyingine meza ilikuwa na aina 24, saa nyingine aina 6 tu. Meza ya aina 24 ilivuta watu wengi zaidi, lakini katika waliosimama hapo walionunua walikuwa 3 tu kwa mia. Penye aina 6 walinunua 30 kwa mia. Tangu hapo kila bwana mkubwa anayetaka kuwapunguzia watu jambo huitaja jamu. Haitaji habari ya pili, kwamba mwaka 2010 wataalamu wengine walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo, wakayapima pamoja, wakaona kuwa kwa wastani wingi haukudhuru wala haukusaidia. Mahali pengine ulidhuru, mahali pengine ulifaa. Tena jamu ni jamu. Aliyeondoka bila chupa alifika kwake salama.

Sisi tuna habari zetu za dukani, na hatuna haja ya kwenda California. Waliokuwa watu wazima Tanzania miaka ya mwanzo ya 1980 wazikumbuka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalikuwa yamefungwa mengi katika Operesheni Maduka ya 1976, na mjini mali ilipitia makampuni ya biashara ya mikoa. Sabuni ilikuwa ya aina moja, siku ilipokuwapo. Mama alidamka usiku akashike foleni ya sukari au khanga, na akifika dirishani alichukua kilichopo, rangi iliyopo, kipimo kilichopo. Hakuna aliyechanganyikiwa kwa wingi. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, rafu zikaanza kujaa, na hatukusikia mama hata mmoja akilalamika kwamba sabuni zimekuwa nyingi. Alilalamika kuhusu bei, na hiyo ni shauri lingine.

Hata hivyo tusiwabeze wenzetu, maana wingi unaodhuru upo. Mtu aulize tu vifurushi vya simu. Majina chungu nzima, muda wa namna namna, cha usiku, cha wiki, cha mitandao, na mwisho mnunuzi hajui dakika moja imemgharimu kiasi gani. Lakini orodha ile aliiandika nani? Ameiandika muuzaji, naye hapati hasara mnunuzi asipoielewa.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu historia ya kura katika nchi ile ile inatufundisha jambo ambalo kuhesabu majina peke yake hakutufundishi.

Mwaka 1958 Mwingereza aliwapa watu wa Tanganyika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, na Wazungu elfu 20 na ushei. Kila jimbo likapewa viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Na kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu, moja kwa kila taifa. Akiacha moja, karatasi yake yote imeharibika. Ukihesabu kwa vidole, mpiga kura wa Tanganyika alikuwa tajiri: ana kura tatu, na Mwingereza kwao London ana moja! Lakini kwanza sharti awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi fulani ya madaraka. Wakulima karibu wote wakabaki nje ya mlango, huku ndani watu wachache wakilazimishwa kuchagua wasichokiomba.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, na mabishano yakawa makali. Wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akasema tuingie, tupite katika tope hili, tufike ng'ambo. Wajumbe wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake, African National Congress. Twalitaja hilo kwa makusudi. Njia ya kukataa ilikuwapo, na aliyeiona njema aliifuata kwa miguu yake.

Yaliyofuata twayajua. TANU ikatafuta Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, watu kama Amir Jamal na Derek Bryceson, ikawaambia wapiga kura wake: huyu, na huyu, na huyu. Septemba 1958 na Februari 1959 kura tatu zikawa kura moja. Chama cha UTP, kilichoungwa mkono na Gavana Twining, hakikupata kitu. Mwandishi wa orodha alidhani kwamba watu wakitakiwa kuchagua mara tatu watagawanyika mara tatu. Hakuweka hesabuni matawi, mikutano ya usiku, wala akina mama waliokwenda nyumba hadi nyumba. Mtu mwenye chama chake, aliyezungumza na jirani zake kabla ya siku ya kura, hababaishwi na wingi wa majina. Anayebabaishwa ni yule aliyeachwa peke yake mbele ya karatasi.

Tuangalie na upande wa pili. Mwaka 1962 karatasi ya Urais ilikuwa na majina mawili, Nyerere na Mtemvu, na Nyerere akapata zaidi ya 98 kwa mia. Mwaka 1965 ukaja mfumo wa chama kimoja. Wageni walitabiri kwamba huo ndio mwisho wa kuchagua. Ikawa kila jimbo, isipokuwa machache, lina watu wawili wa chama kile kile, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Walizungushwa pamoja, wakasimama jukwaa moja, wakazungumza Kiswahili, na kila mmoja akasikia maswali aliyoulizwa mwenziwe. Kura zilipohesabiwa, Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mkubwa wa ushirika wa pamba, alikuwa ameshindwa kwao Mwanza. Wakulima walikuwa wamechagua, na methali haikuwazuia.

Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa kamili. Majina mawili yale yalipitishwa na Halmashauri Kuu ya chama, nayo ilikuwa na uwezo wa kumwacha aliyependwa na mkutano wa wilaya. Urais ulikuwa Ndiyo au Hapana kwa mtu mmoja. Na hakuna mwananchi aliyeweza kusema: sitaki jembe wala nyumba, nataka chama kingine. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka mwaka 1991, karibu watu 80 katika kila mia waliotoa maoni walisema chama kimoja kinatosha. Tume ikashauri vyama vingi vilevile, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wako wanaonung'unika mpaka leo kwamba wengi walipuuzwa. Sisi twaona Tume ilifanya haki. Yule wa 80 hakunyang'anywa kitu; chama chake kilibaki, na mwaka 1995 kilishinda. Yule wa 20 ndiye aliyekuwa hana pa kwenda.

Sasa tufike Oktoba 2025. Karatasi ya Urais ilikuwa na wagombea 17. Tangu nchi ipate uhuru hakukuwa na orodha ndefu namna hiyo. Lakini CHADEMA haikuwamo, na mwenyekiti wake alikuwa kizuizini kwa shitaka la uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo naye alikuwa ameondolewa. Yaliyotokea barabarani siku ile na siku zilizofuata, na wale ambao hawakurudi nyumbani, hatuna haja ya kuyasimulia kwa watu walioyaona. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa mshindi karibu 98 kwa mia, sawa na 1962 penye majina mawili. Ndugu anayetuambia kwamba majina mengi huwavuruga wananchi atueleze ni nani aliyevurugwa na wale 17. Malalamiko tuliyoyasikia sisi ni ya majina ambayo hayakuwapo.

Kwa hiyo tukisikia hoja ya kuwapunguzia watu mambo ya kuchagua, swali letu la kwanza ni nani atakayeshika kalamu ya kupunguza. Na swali hilo lisiishie kwa Serikali, maana ni rahisi kuinyoshea Serikali kidole. Lianze kwetu. Katika matawi yetu kuna desturi inayoota mizizi. Mkutano wa kura za maoni unaitishwa, wanachama wanaketi, na jina linaletwa moja, tayari limepigwa chapa, na mwenyekiti anauliza kama kuna anayepinga. Watu wanatazamana. Huyo aliyeleta jina atasema amewaondolea wanachama usumbufu na mafarakano. Wako waliochukua fomu jimbo lile lile, na mkutano haujui walikatwa wapi wala kwa kosa gani.

Mwanachama ana haki ya kusimama hapo hapo na kuuliza fomu zilizorudishwa zilikuwa ngapi, na majina mengine yako wapi. Akitupiwa methali ya jembe, ajibu kwamba shamba ni lake na mpini utamchubua yeye. Kisha aombe mkutano uahirishwe mpaka majina yote yaletwe yasomwe, na katibu aliandike ombi hilo katika kumbukumbu za mkutano.