Hukumu ya Talaka Ina Siku Zake, Amri ya Malezi ya Mtoto Hubadilika

Hukumu ya shauri la ndoa inaposomwa, mara nyingi upande usioridhika huondoka na uchungu, hukimbilia vikao vya ukoo, na hurejea mahakamani muda wa rufaa ukiwa umekwisha. Wengine hukaa kimya wakiamini kuwa amri iliyompa mwenzao mtoto ni ya kudumu. Makosa yote mawili yana gharama, na anayeibeba zaidi ni mtoto.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatofautisha mambo hayo. Talaka na mgawanyo wa mali hupingwa kwa rufaa, nayo ina ukomo. Kifungu cha 80 kinatoa siku 45 tangu uamuzi kutolewa kwa rufaa inayokwenda Mahakama Kuu, na rufaa hiyo huwasilishwa katika mahakama ya hakimu. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida hupitia kwanza Mahakama ya Wilaya, ambako Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaweka siku 30 kwa rufaa za ngazi hiyo. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima atoe sababu za msingi.

Rufaa si nafasi ya kusimulia upya ugomvi wa nyumbani. Mrufani huonesha kosa: ushahidi uliopuuzwa, sheria iliyotafsiriwa vibaya au utaratibu uliokiukwa. Kwa mfano, sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa katika mazingira maalumu. Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mwenendo wa shauri la talaka kwa sababu sharti hilo halikutimizwa ipasavyo. Kosa dogo la uandishi au hesabu halihitaji rufaa; huombwa lisahihishwe na mahakama ileile.

Amri ya malezi ina njia yake. Kifungu cha 133 kinaipa mahakama mamlaka ya kuibadilisha au kuifuta wakati wowote, iwapo ilitokana na maelezo yasiyo ya kweli, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Mzazi anayeishi na mtoto akiugua muda mrefu au akishindwa kumtunza, mwenzake hahitaji kufufua shauri la talaka. Anawasilisha maombi yenye ushahidi.

Kipimo hapo ni ustawi wa mtoto, si haki ya mshindi. Kifungu cha 125 kinaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Pia kinaitaka mahakama izingatie athari za kumhamisha mtoto, na matakwa yake akiwa na umri wa kujieleza. Kipato kikubwa pekee hakitoshi.

Ikumbukwe kuwa kukata rufaa hakusimamishi utekelezaji wa amri. Usitishaji huombwa mahakamani. Mzazi anayemficha mtoto akisubiri rufaa anakaidi amri halali, na mwenendo huo unaweza kumgeuka.

Kwa wasiomudu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa huduma bila malipo, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imeisogeza karibu na wananchi. Hata hivyo, hatua ya kwanza iko mikononi mwa mdaawa mwenyewe: kuomba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa, kwa kuwa siku zimeanza kuhesabiwa.