Namba tasa za Mersenne: kwa nini ile ya 52 inaweza kupoteza nafasi yake

Tarehe 21 mwezi wa kumi mwaka wa 2024, kundi la watafiti wa kujitolea liitwalo GIMPS lilitangaza namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani. Ina tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Mmarekani Luke Durant, mwenye umri wa miaka 36, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya NVIDIA. Habari nyingi ziliiita « namba ya 52 ya Mersenne ». Lakini namba hiyo 52 haisemi kile ambacho wengi wanafikiri.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Wanafunzi wetu wanaijua kwa Kifaransa kama nombre premier. Jina la Mersenne ni la padri Mfaransa Marin Mersenne, aliyeandika orodha yake mwaka wa 1644. Njia yake ni hii: zidisha 2 tano kwa pamoja, unapata 32. Toa 1, inabaki 31, ambayo ni tasa. Lakini ukichukua 2 kumi na moja unapata 2047, na hiyo ni 23 mara 89, kwa hiyo si tasa. Idadi ya hizo 2 huitwa kipeo. Kipeo cha Durant ni 136,279,841.

Padri Mersenne mwenyewe alikosea. Aliweka kwenye orodha vipeo 67 na 257, ambavyo havitoi namba tasa, na akaruka 61, 89 na 107. Kile cha 127 kilithibitishwa mwaka wa 1876, kile cha 61 mwaka wa 1883, kile cha 89 mwaka wa 1911 na kile cha 107 mwaka wa 1914. Kwa hiyo tangu zamani kubwa ilijulikana kabla ya ndogo.

Mambo hayo hayakwisha na kuja kwa ordinatere. Kipeo 132,049 kilipatikana mwaka wa 1983 na 216,091 mwaka wa 1985, kwa mashini zenye nguvu sana. Mwaka wa 1988 ndipo watafiti wawili waliporudi nyuma na kukuta 110,503, kilichokuwa kimerukwa.

Sababu ni rahisi. Fikiria watu wengi wanaotafuta ng'ombe waliopotea milimani. Kila mmoja anapewa kilima chake. Mmoja ana mbio, mwingine anatembea polepole, mwingine anaamua kuanzia kilima cha mbali. Ng'ombe akipatikana kwenye kilima cha saba, hakuna anayeweza kuapa kwamba kilima cha nne ni kitupu. GIMPS, iliyoanzishwa na George Woltman mwaka wa 1996, inafanya kazi namna hiyo: inagawa vipeo kwa wajitoleaji, na kila mashini inaleta jibu kwa wakati wake.

Wakati mwingine tofauti hiyo ni ya pesa. Shirika la Marekani EFF liliahidi dola 100,000 kwa atakayetangulia kupata namba tasa ya tarakimu milioni 10. Tarehe 23 mwezi wa nane 2008, mashini ya chuo kikuu cha UCLA, California, ilipata kipeo 43,112,609. Wiki mbili baadaye, tarehe 6 mwezi wa tisa, Hans-Michael Elvenich wa Ujerumani alipata 37,156,667. Hii yake ni ndogo kuliko ile ya UCLA, lakini nayo ina zaidi ya tarakimu milioni 11, yaani ilitosha kushinda. Zawadi ilikwenda kwa ile ya kwanza kuonekana. Mwaka wa 2009, kipeo kingine, 42,643,801, kilipatikana katikati ya hivyo viwili. Ile ya UCLA, iliyotangazwa kama ya 45, leo ni ya 47.

Na kuonekana maana yake nini? Mwezi wa tisa 2015, mashini ya chuo kikuu cha Central Missouri ilikuta kipeo 74,207,281. Ujumbe wake haukumfikia mtu yeyote. Matokeo yalikaa hapo hadi tarehe 7 mwezi wa kwanza 2016. Tarehe rasmi ya uvumbuzi ni hiyo ya 2016, kwa sababu GIMPS inahesabu siku ambayo mtu alijua, si siku ambayo mashini ilimaliza.

Turudi kwa Durant. Alitumia mashini za kukodi zilizotawanyika katika nchi 17. Ile iliyotoa ishara ilikuwa Dublin, Ireland, na nyingine ya San Antonio, Texas, ikathibitisha kesho yake. Kwa miaka 28 GIMPS iliishi kwa ordinatere za kawaida za nyumbani, na sasa mwenye uwezo wa kukodi mashini nyingi ameruka mbele. Siku ya tangazo, vipeo vingi vilivyo chini ya kile chake vilikuwa havijajaribiwa hata mara moja.

Hakuna udanganyifu katika hilo: namba yake ni tasa, na imehakikishwa kwa programu na mashini tofauti. Kinachobaki ni kazi isiyo na sifa, ya kupitia vipeo vyote vilivyorukwa. Kikipatikana kimoja tu kinachotoa namba tasa, ile ya 52 itakuwa ya 53. EFF bado ina dola 150,000 kwa tarakimu milioni 100, na zawadi hiyo inawavuta watu kwenda mbele, si kurudi nyuma. Kwa hiyo ukisoma « ya 52 », elewa kwamba ni ya 52 kati ya zinazojulikana. Wanaoweza kuthibitisha kama ni ya 52 kweli ni wale waliobaki nyuma wakipekua vilima.